Kuzunguka au Kuzungusha? Uhakiki wa Lugha ya Mwendo katika Mandhari ya Vipimo Vitatu ya Programu za Usanifu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kutaja mwendo wa mtazamaji ndani ya mandhari ya vipimo vitatu katika programu za usanifu za kompyuta, hususan Blender, SketchUp na Maya. Hoja kuu ni kwamba istilahi za Kiingereza za uwanja huu zimeokotwa kutoka nyanja mbalimbali na hazikubaliani kuhusu nani anayesogea, mtazamaji au kitu kinachotazamwa. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuurithi utata huo bila kuathirika, kwa sababu mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili humlazimisha kuchagua. Makala yanaonesha kwamba uchaguzi unaofanywa kwa mazoea, yaani wa vitenzi vyenye mnyambuliko wa kusababisha, hufuta tofauti ya msingi kati ya kutazama kitu na kukibadilisha. Yanapendekeza utaratibu wa istilahi unaozingatia tofauti hiyo, kisha yanapima pingamizi dhidi ya pendekezo hilo.

Istilahi muhimu: istilahi, mnyambuliko, usababishi, mifumo rejeshi, tafsiri, programu za usanifu

1.0 Utangulizi

Anayefungua programu ya Blender kwa mara ya kwanza hukuta mbele yake mchemraba mmoja, kamera moja na taa moja. Kabla hajaunda chochote hana budi kujifunza kutembea. Akibonyeza kitufe cha kati cha kipanya na kuburuta, mchemraba humwonesha ubavu mwingine. Akiongeza kitufe cha Shift, mandhari yote huteleza kushoto au kulia. Akizungusha gurudumu la kipanya, vitu husogea karibu au hurudi mbali. Matendo haya matatu ndiyo alifabeti ya usanifu wa vipimo vitatu. Asiyeyamudu hawezi kuchora nyumba, kiti wala kipuri cha mashine, hata akiwa mchoraji hodari wa karatasi.

Jambo linalowavutia wanaisimu katika matendo haya si ufundi wake bali majina yake. Matendo huitwa kwa Kiingereza “Orbit”, “Pan” na “Zoom”. Mwalimu anayeyafundisha kwa Kiswahili hutakiwa kuyataja kila baada ya dakika chache, na mara nyingi hufanya hivyo kwa kuchanganya ndimi. Anapoamua kusema Kiswahili kitupu, maneno yanayomjia upesi ni zungusha, sogeza na kuza. Ni maneno ya kawaida, mafupi na yanayoeleweka. Makala haya yanadai kwamba yote matatu yana kasoro moja, na kwamba kasoro hiyo inatokana na sarufi zaidi kuliko msamiati.

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika nomino. Wataalamu wamebishana iwapo kifaa kile cha mkononi kiitwe kipanya, puku au mausi, na iwapo neno programu litoholewe au litafutiwe mbadala. Mijadala hiyo ina manufaa, lakini imeviacha vitenzi nyuma. Nomino ikikosewa, mtumiaji hucheka, kisha huzoea. Kitenzi kikikosewa, mtumiaji huielewa vibaya kazi yenyewe, na kosa huonekana katika kile anachokiunda.

2.0 Misingi ya Uhakiki

Uhakiki huu unaegemea misingi mitatu. Wa kwanza ni kazi ya Colin Ware na Steven Osborne ya mwaka 1990 kuhusu namna ya kuongoza kamera katika mazingira ya vipimo vitatu ya kompyuta. Watafiti hao walilinganisha sitiari tatu. Katika sitiari ya kwanza, mtumiaji hushika jicho mkononi na kulipeleka popote ndani ya mandhari tuli. Katika ya pili, mtumiaji hushika mandhari yenyewe mkononi na kuigeuzageuza mbele ya jicho lisilosogea. Katika ya tatu, mtumiaji hurusha chombo na kusafiri ndani yake. Hawakutangaza mshindi mmoja, kwani kila sitiari ilifaa zaidi kwa kazi za aina yake. La muhimu kwa makala haya ni kwamba kwenye skrini, sitiari ya kwanza na ya pili zinaweza kutoa picha ileile. Nyumba inayogeuzwa nyuzi 30 kuelekea kulia na mtazamaji anayeizunguka nyuzi 30 kuelekea upande wa pili huishia kuona ukuta uleule. Lugha ndiyo inayobaki na jukumu la kusema ni lipi lililotendeka.

Msingi wa pili ni uainishaji wa mifumo rejeshi ya mahali uliofafanuliwa na Stephen Levinson katika kitabu chake cha mwaka 2003. Kuna mfumo unaotegemea sehemu za kitu chenyewe, kama katika “mbele ya gari” kwa maana ya upande wenye taa kuu; kuna mfumo unaotegemea mtazamaji, kama katika “kulia kwa mti”, kwa kuwa mti hauna mkono; na kuna mfumo usiobadilika, kama katika “kaskazini mwa kisima”.

Msingi wa tatu ni vigezo vya kuunda na kutathmini istilahi vinavyojulikana kwa akronimu PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na K. B. Kiingi na kutumiwa na wahakiki wengi wa istilahi za Kiswahili. Miongoni mwa vigezo hivyo, makala haya yanatumia vinne: usahihi, uangavu, uzalishaji na mfumo. Mifano ya tungo za Kiswahili iliyomo imetungwa kwa kufuata sarufi ya Kiswahili sanifu.

3.0 Kiingereza Chenyewe Hakina Msimamo

Ipo dhana kwamba istilahi za Kiingereza zimekwisha kutulia, na kwamba kazi ya Kiswahili ni kutafuta visawe vyake tu. Uchunguzi wa majina haya hauiungi mkono dhana hiyo. Neno “Orbit” limetoka katika elimu ya nyota, na humaanisha njia ya sayari inayozunguka jua. “Pan” limetoka katika sinema, ambako ni ufupisho wa neno lenye maana ya mandhari pana. “Zoom” lilipata maana yake ya kiufundi katika lenzi. Maya hutumia “Tumble”, neno la kubiringika, mahali ambapo SketchUp husema “Orbit”. Hutumia “Track” mahali ambapo SketchUp husema “Pan”. Na hutumia “Dolly”, jina la toroli linalobeba kamera ya filamu, kwa ajili ya kusogea mbele na nyuma.

Ukopaji huu umeleta makosa yaliyozoeleka. Katika sinema, “Pan” ni kugeuza kamera kushoto au kulia huku ikiwa imesimama palepale, kama mtu anavyogeuza shingo. Katika programu za usanifu, neno hilohilo lina maana ya kuteleza upande bila kugeuka, kama mtu anayetembea ubavuubavu sambamba na ukuta. Mfasiri mwaminifu atakayefungua kamusi ya sinema na kuandika “geuza kamera” atakuwa amefasiri neno sawasawa na tendo isivyo.

Mgongano mkubwa zaidi umo katika Blender. Menyu yake huliita tendo la kwanza kwa neno la sayari, maana yake mtazamaji ndiye anayekizunguka kitu. Lakini mtumiaji akifungua mapendeleo ya programu ili achague namna ya kufanya tendo hilo, hupewa njia mbili. Ya kwanza imepewa jina la meza izungukayo, kitu kinachofanana na gurudumu la mfinyanzi, na ya pili imepewa jina la mpira unaobingirishwa chini ya kiganja. Katika sitiari zote mbili za mapendeleo, kinachozunguka ni kitu, na mtazamaji ametulia. Hivyo basi programu moja, kuhusu tendo moja, husema kwenye menyu kwamba mtu anazunguka na kwenye mapendeleo kwamba kitu kinazungushwa.

Kiingereza hustahimili mgongano huo kwa sababu vitenzi vyake vingi havibadiliki umbo vinapobadilisha uelekezi. Kitenzi kimoja huweza kuwa na mtenda anayezunguka au kitu kinachozungushwa, na msikilizaji huachwa akisie. Wanaofahamu nadharia ya usimulizi watakumbuka tofauti aliyoisisitiza Gérard Genette mwaka 1972 kati ya anayesimulia na anayeona. Menyu za programu hizi hufanana na usimulizi ambao umesahau kuamua jicho la hadithi ni la nani.

4.0 Jozi Tatu Zinazogongana

4.1 Kuzunguka na kuzungusha

Kiswahili hakina fursa ya kusahau. Zipo tungo tatu zinazotofautiana wazi:

(a) Fundi anaizunguka nyumba.
(b) Fundi anaizungusha nyumba.
(c) Nyumba inajizungusha.

Katika (a) nyumba imetulia na fundi anatembea. Katika (b) fundi amesimama na nyumba inageuka. Mabadiliko ya konsonanti moja, kutoka k hadi sh, yamehamisha mwendo wote kutoka kwa mtu hadi kwa kitu. Tofauti hii si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Mwanafunzi wa shule ya msingi hujifunza kwamba dunia hulizunguka jua na wakati huohuo hujizungusha kwenye mhimili wake, na hufahamu kwamba tendo la kwanza huleta mwaka na la pili huleta usiku na mchana. Uwanja wa jiografia ulikwisha kulitatua tatizo ambalo uwanja wa usanifu unaliona jipya.

Sasa, programu hizi zina amri mbili tofauti. Moja humbadilishia mtumiaji pembe ya kutazamia, nyingine hugeuza kitu chenyewe na kuandika mgeuko huo ndani ya faili. Amri ya pili, inayoitwa “Rotate”, haina ubishi: ni kuzungusha. Amri ya kwanza nayo ikiitwa kuzungusha, mtumiaji atakuwa na neno moja kwa matendo mawili, la kuangalia na la kubadilisha.

4.2 Kuambaa na kuhamisha

Hali ni hiyohiyo katika jozi ya pili. Kitenzi sogeza hufaa kwa amri ya kuhamisha kitu kutoka mahali kimoja hadi kingine. Kikitumiwa pia kwa mtelezo wa mtazamo, mwanafunzi aliyeambiwa “sogeza kulia” hatajua kama anatakiwa ausogeze mlango au asogee yeye. Kiswahili kina kitenzi chema kwa ajili ya mtelezo huu nacho ni ambaa. Mabaharia husema chombo kinaambaa pwani, kikipita kando yake bila kuigusa na bila kuiacha, na ndiyo asili ya nomino mwambao. Mtazamaji katika programu ya usanifu hufanya hivyohivyo: hupita sambamba na kitu, uso wake ukielekea upande uleule, umbali wake usibadilike. Neno la sinema lililopotoka katika Kiingereza linapata katika lugha ya bahari kisawe kilicho sahihi kulishinda lenyewe. Kasoro yake ni ya kigezo cha uzalishaji, kwa kuwa nomino mwambao imekwisha kushikwa na maana ya kijiografia. Nomino ya kitendo italazimika kuwa uambaaji.

4.3 Kujongea na kukuza

Jozi ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kitenzi kuza ni usababishi wa kua. Anayekuza kitu hukifanya kiwe kikubwa kuliko kilivyokuwa. Katika programu za maandishi na picha bapa neno hili halina madhara makubwa, kwa sababu herufi zikionekana kubwa kwenye skrini msomaji hajui wala hajali ukubwa wake “halisi”. Katika usanifu wa vipimo vitatu kila kitu kina ukubwa wake halisi kwa mita au milimita, na ipo amri maalumu ya kuubadilisha, “Scale”, ambayo kisawe chake cha wazi ni kukuza.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Mwanafunzi anaambiwa aikuze ili aone vizuri fremu ya dirisha. Akitumia gurudumu la kipanya, ataiona karibu na vipimo vyake havitaguswa. Akielewa kuza kama amri ya kubadilisha ukubwa na kuizidisha mara 1.5, nyumba itakuwa na mita 18 kwa 13.5. Eneo lake la sakafu litapanda kutoka mita za mraba 108 hadi 243, zaidi ya maradufu, na ujazo wake utazidi mara tatu. Kwenye skrini picha hizo mbili zinaweza kufanana kabisa. Tofauti itajitokeza wakati wa kuhesabu matofali.

Kitenzi kinachofaa ni jongea, au jongelea pale lengo linapotajwa: “jongelea dirisha”. Kitenzi hiki humpa mtazamaji mwendo na kukiacha kitu na ukubwa wake. Tena kinaafikiana na tabia halisi ya programu. Katika Blender, mtazamo wa kawaida huwa na kitovu kimoja, na mtumiaji anapokikaribia, hatua zake huwa fupi zaidi na zaidi hadi aonekane amekwama. Wanaoanza huidhania programu kuwa imeharibika. Anayejua kwamba anajongea kuelekea mahali fulani atajiuliza swali lililo sahihi: mahali hapo ni wapi, na je, ni pale anapotaka kufika? Anayedhani anakuza kitu hana njia ya kuliuliza swali hilo.

5.0 Kulia kwa Nani?

Vitenzi vikipangwa vizuri, bado yako matata ya vielezi vya mahali. Blender hutoa mionekano sita iliyokwisha kupangwa: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Kwenye kibodi ya tarakimu, kitufe cha 1 huleta mwonekano wa mbele, cha 3 wa kulia na cha 7 wa juu. Majina haya yanaonekana hayana utata hadi kiumbe chenye mwili kiwekwe ndani ya mandhari.

Kwa desturi, sanamu ya mtu huelekezwa katika upande hasi wa mhimili wa Y ili uso wake uonekane katika mwonekano wa mbele. Katika hali hiyo, mkono wake wa kushoto huwa katika upande chanya wa mhimili wa X. Mwonekano unaoitwa wa kulia nao hutazama kutoka upande huohuo chanya wa X. Matokeo yake ni kwamba anayebonyeza kitufe cha mwonekano wa kulia huoneshwa ubavu wa kushoto wa sanamu. Jina la mwonekano limefuata mfumo rejeshi wa mtazamaji aliyesimama mbele, na jina la mkono limefuata mfumo rejeshi wa kiumbe chenyewe. Yote mawili ni sahihi, kila moja kwa mfumo wake.

Kiswahili kina silaha za kulikabili hili. Neno kulia lina uhusiano wa wazi na mwili, kwa maana mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na upande wa kulia umepewa jina kwa kuazima kutoka kwa mkono huo. Mfasiri anaweza kuutumia uhusiano huo kwa kutenga “mkono wa kulia” kwa viungo vya kiumbe, na “upande wa kulia wa mtazamaji” kwa mionekano. Mtengo huu haupo katika matumizi ya kila siku, kwani mwelekeza njia husema “shika mkono wa kulia” akimaanisha upande. Katika lugha ya kitaalamu unaweza kuwekwa kwa makubaliano, kama istilahi nyingine zilivyowekwa.

Neno mbele lahitaji uangalifu zaidi. Clifford Hill, katika utafiti wake wa mwaka 1982 uliolinganisha Kihausa na Kiingereza, alionesha kwamba jamii hutofautiana katika kuamua upande wa mbele wa kitu kisicho na uso. Kwa Kiingereza, mpira ulio mbele ya mti kwa kawaida uko kati ya mti na mtazamaji. Kwa Kihausa, ulio mbele huweza kuwa ule ulio ng’ambo ya mti, kana kwamba mti nao umetazama mtazamaji anakotazama. Kiswahili huruhusu tafsiri zote mbili. Katika “ukiupita mbuyu, mbele yake utaona msikiti”, msikiti uko ng’ambo. Katika “amesimama mbele ya mbuyu nipige picha”, mtu yuko upande wa huku. Maelekezo ya mafunzo yanayosema “weka kiti mbele ya meza” yanaweza, kwa hiyo, kufuatwa kwa njia mbili zinazopingana na kila mwanafunzi akawa na haki. Maneno upande wa huku na upande wa kule, yanayobeba viambishi vya mahali, ni salama zaidi kuliko mbele na nyuma pale kitu kisipokuwa na uso.

Ni vyema pia kutambua kwamba programu zenyewe zimeujenga uainishaji wa Levinson ndani ya menyu zao bila kuutaja. Mtumiaji wa Blender anapotaka kuhamisha au kuzungusha kitu, huchagua mwelekeo wa mihimili. Miongoni mwa chaguzi hizo upo mwelekeo wa ulimwengu wote, ambao haubadiliki. Upo wa kitu chenyewe. Na upo wa mtazamo wa wakati huo. Ni mifumo mitatu ileile. Kisawe cha kila mmoja kinaweza kutolewa kwa uangavu: mihimili ya ulimwengu, mihimili ya kitu na mihimili ya mtazamaji. Hata hivyo, “ulimwengu” nao hautofautiani na makubaliano. Katika Blender mhimili wa Z ndio unaopanda juu, ilhali katika Maya mhimili wa Y ndio hupanda juu katika mpangilio wa awali. Kusi na kaskazi, pepo zilizoupa upande wa kusini na wa kaskazini majina, zilikuwa na uthabiti zaidi kuliko mihimili hii.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pendekezo la kutenga vitenzi visivyo na usababishi kwa mwendo wa mtazamaji linaweza kupingwa kwa hoja tatu zenye uzito.

Hoja ya kwanza inahusu mkono. Alama ya mtelezo katika SketchUp ni picha ya kiganja. Mtumiaji anapoburuta kuelekea kulia, picha hufuata mkono kuelekea kulia, kama karatasi inayosukumwa mezani. Hisia ya mwili ni ya kusogeza mandhari, na istilahi inayosema kwamba mtu ndiye anayeambaa huenda kinyume na hisia hiyo. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayoeleza kwa nini sitiari ya mandhari mkononi haikufa. Lakini hisia ya mkono si kipimo pekee cha usahihi wa istilahi. Kipo kipimo kingine: kinachobaki. Baada ya mtelezo, hakuna kuratibu hata moja ya kitu iliyobadilika. Katika Blender, amri ya kutengua haimrudishi mtazamaji alikotoka, kwa sababu mwendo wake hauhesabiwi kuwa tendo juu ya kazi. SketchUp nayo humpa amri nyingine ya kurudia mtazamo uliotangulia, iliyo mbali na ile ya kutengua. Programu zenyewe, kwa namna zinavyotunza kumbukumbu, zimekwisha kuamua kwamba mtazamaji ndiye aliyesogea. Istilahi inayokubaliana na kumbukumbu hiyo ina usahihi zaidi kuliko ile inayokubaliana na kiganja.

Hoja ya pili ni ya kisarufi, na ni ngumu zaidi. Menyu za Kiswahili huandikwa kwa hali ya kuamuru: hifadhi, nakili, futa. Anayeamuriwa ni kompyuta. Kitufe kikiandikwa “zunguka”, ni nani anayeamuriwa kuzunguka? Kompyuta haizunguki, na mtumiaji hajiamuru mwenyewe kwa kubonyeza. Kwa mtazamo huu, “zungusha” ingalau ni sarufi nzuri. Jibu ni kuacha hali ya kuamuru kwa amri za mwendo na kutumia kitenzi-jina: kuzunguka, kuambaa, kujongea. Hatua hii huleta faida ambayo haikutarajiwa. Amri zinazobadilisha kitu zitabaki katika hali ya kuamuru, yaani zungusha, hamisha, kuza; zile za kutazama zitakuwa vitenzi-jina. Mtumiaji atapata dalili mbili za tofauti ileile, mnyambuliko na hali ya kitenzi, na kigezo cha mfumo kitakuwa kimetimizwa kwa nyenzo za sarufi peke yake.

Hoja ya tatu inatoka katika jiometri. Katika mwonekano sambamba, ambamo vitu vya mbali havionekani vidogo kuliko vya karibu, kujongea hakuna maana, kwa sababu umbali hauathiri ukubwa unaoonekana. Picha ikiwa kubwa katika mwonekano huo, ni picha iliyokuzwa, si mtazamaji aliyejongea. Hapa pendekezo halina budi kukubali upungufu wake. Ingewezekana kutumia “kukuza picha” kwa mwonekano sambamba na “kujongea” kwa mwonekano wa kawaida, lakini mtumiaji hubadili mwonekano mmoja hadi mwingine kwa kitufe kimoja, na tendo la gurudumu huliona ni lilelile. Kwa kupima hasara na faida, kosa la kuuita ukuzaji wa picha kujongea ni dogo kuliko kosa la kuuita mjongeo kukuza kitu. La kwanza halimgharimu mtu tofali.

Kuna pia rai ya jumla zaidi, kwamba utohozi ungemaliza tatizo: obiti, pani, zumu. Utohozi una nafasi yake, na neno obiti limekwisha kuingia katika elimu ya anga. Kasoro yake katika uwanja huu ni kwamba huhamisha sauti pamoja na mkanganyiko wa asili. Neno pani litakuja na kosa lake la sinema, na neno zumu halitamsaidia mwanafunzi kujua kama ni lenzi iliyobadilika, mtazamaji aliyesogea au kitu kilichokua. Maya hutofautisha mambo hayo kwa majina matatu. Utohozi wa jina moja ungeyafunga katika fungu moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba tatizo la kufasiri istilahi za mwendo katika mandhari ya vipimo vitatu si uhaba wa maneno. Maneno yapo, na baadhi yake, kama ambaa na jongea, ni sahihi kuliko yale yanayofasiriwa. Tatizo ni kwamba mfasiri hulifuata neno la Kiingereza pasipo kuuliza nani anayesogea, kisha mazoea ya menyu humsukuma kwenye usababishi. Matokeo yake ni msamiati ambamo kuangalia na kubadilisha havitenganishwi, katika kazi ambayo kuvitenganisha ndilo somo la kwanza.

Mabaharia husema, hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila programu ya aina hii ina kitufe cha kumrejesha aliyepotea, ili aione tena kazi yake nzima. Katika Blender ni kitufe cha Home. Kitufe hicho humrejesha mtazamaji tu. Hakiwezi kuirejesha nyumba iliyokuzwa kwa kudhaniwa kuwa inatazamwa. Kwa sababu hiyo, vyombo vinavyosanifisha istilahi, na walimu wa vyuo vya ufundi ambao kwa kweli ndio waundaji wa kwanza wa maneno haya, wanashauriwa kuzianza orodha zao kwa jozi za vitenzi: kuzunguka na kuzungusha, kuambaa na kuhamisha, kujongea na kukuza. Nomino zinaweza kusubiri. Hatua inayofuata kiutafiti ni kuzipima jozi hizi darasani, kwa kulinganisha makosa ya wanafunzi wanaofundishwa kwa vitenzi vilivyotengwa na ya wale wanaofundishwa kwa usababishi peke yake.